Kula Pale Mpishi Anapoonja Kwanza

Wajukuu zangu, na nyinyi marafiki wa wajukuu zangu mnaoshuka Bujumbura, Buja yetu, Ijumaa jioni na mabegi mgongoni, wekeni hiyo telefone kando kidogo. Haina pua. Haiwezi kuwaambia mandazi ya nani yamekaangwa kwa mafuta ya juzi.

Mjukuu wangu Divine anasomea udaktari huku Kamenge, karibu na hospitali kubwa. Ni wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti jeupe. Nalisema mapema, na huenda nitalisema tena. Kila wikendi ananiletea wageni: mmoja wa Gitega, mwingine wa Ngozi, mwingine katoka Bukavu na nywele za rangi ya karoti. Wanalala sebuleni kwangu, Cibitoke, na asubuhi wanakaa kwenye mkeka wakisugua kioo kwa kidole, wakitafuta pa kula.

"Nyogokuru, branchi nzuri iko wapi?"

Nyogokuru ndiyo bibi kwa Kirundi chetu; branchi nikauliza ni mnyama gani. Wakasema ni chakula cha asubuhi na cha mchana vikiwa pamoja. Nikawaambia kwetu hiyo inaitwa kuchelewa kuamka.

Basi nisikilizeni, maana hii ndiyo kazi iliyonizeesha. Miaka thelathini na kitu nimewapikia watu asubuhi zao. Wali wa mchana sikupika, wala brosheti, ile mishikaki ya jioni. Asubuhi tu: uji ambao kwa Kirundi tunauita igikoma, chai ya tangawizi, mandazi, chapati, maharage. Benchi nne za mbao, majiko mawili ya makaa tunayoyaita mbabula, bati juu, kando ya barabara inayopanda hospitali. Jina langu la ubatizo wengi hawalijui. Wananiita Mama Goreti, kwa jina la binti yangu aliyekuwa akikaanga mandazi upande wangu wa kushoto. Shule niliishia mwaka wa nne, lakini uso wa mtu mwenye njaa naweza kuusoma mpaka mstari wa mwisho.

Kazi hiyo niliiacha kwa sababu ya sufuria moja ya uji. Nitafika huko, msinikimbize. Kwanza mjifunze kula.

Jumamosi ya Buja ina mlango, na mlango huo hufunguka saa nne. Mgeni aliyetoka nje ya nchi hajui. Anaamka saa kumi na mbili, anaoga, anajipaka mafuta, anatoka na njaa yake kubwa, anakuta maduka yamefungwa, bisi hazionekani, mji mzima umeshika majembe na mafagio. Ni asubuhi ya kazi za pamoja. Yule msichana wa Bukavu mwenye nywele za karoti alitoka kutafuta omleti, akarudi na fagio mkononi. Wazee wa mtaa walikutana naye njiani wakamgawia mtaro. Alikuwa amechafuka mpaka magotini na anacheka peke yake.

"Tate, banilipisha bila kula," akaniambia; kwao tate ndiyo bibi.

Nikamwambia: sasa ndiyo uko tayari kula. Maana siri ya Jumamosi ni hiyo. Usitafute mahali, tafuta majembe. Ngoja yamalize, halafu yafuate. Watu waliozibua mtaro pamoja hawakubali kwenda kula pabaya, kila mmoja anamwonea haya mwenzake. Pale majembe yanapoegemezwa ukutani kwa wingi, pale kaa.

Jumapili ni nyingine. Alfajiri wanapita wanaokimbia, makundi ya fulana moja, wanaimba, wanapanda mpaka Kiriri kwenye mageti makubwa na mbwa walioshiba, halafu wanashuka. Wakipanda, usiwafuate. Wakishuka, wafuate. Baada yao wanatoka wauguzi wa zamu ya usiku. Muuguzi aliyekesha hana nguvu za kudanganywa. Ukimwona amekaa mahali pamoja kila Jumapili, sogeza benchi karibu naye. Wa tatu ni wale wa misa ya kwanza. Hao wametoka na furaha, wanakula chochote na kukisifu. Hao kwa habari ya chakula msiwaamini, na mimi ni mmoja wao.

Ukishakaa, angalia chini. Ardhi iwe imefagiwa na kunyunyiziwa maji kabla vumbi halijaamka. Ukipewa andazi, lichane kwa mkono, usilikate. Vidole vikibaki vinang'aa, lirudishe kimya kimya. Ndani liwe na matundu, na litoe pumzi moja ya moto, kama mtoto aliyeamshwa. Maharage ya jana ni matamu kuliko ya leo, basi anayejisifu kwamba amepika sasa hivi muache na sifa zake. Chai iwe na nyuzi za tangawizi chini ya kikombe, maana ya unga inawasha koo tu bila kusema kitu. Kahawa msiniulize. Kahawa yetu inaota milimani kwetu, inaoshwa na mikono yetu, halafu inapanda ndege. Sisi tunabaki na chai.

Lakini hayo yote ni nguo tu. Mwili wenyewe ni huu: angalia kama mpishi anakunywa.

Hilo nilifundishwa katika mtaa wa Buyenzi, na Mama Zaituni. Nilikuwa msichana, nimeshuka kutoka milimani na miguu imepasuka, nikapata kazi ya kumwoshea vikombe. Mwislamu yeye, mimi Mkatoliki. Mwili mkubwa, sauti ndogo. Ilibidi unyamaze ndipo umsikie, kwa hiyo kwake watu wote walinyamaza. Siku yangu ya kwanza ya kugawa uji nilichota, nikampa mteja. Mama Zaituni akamwomba yule mzee radhi, akakichukua kile kikombe mkononi mwake, akamwaga.

"Umeonja?"

"Apana, mama."

"Basi umempa nini?"

Kwetu milimani nilijua kwamba mwenye pombe anaanza yeye kunywa, ndipo mgeni anapokea, ili mgeni aone hakuna sumu. Nikamwambia hivyo, nikijifanya najua. Akacheka ile sauti yake ndogo. "Sumu ni jambo la maadui, mwanangu. Mimi nazungumza jambo la uvivu. Anayekupa kisichopita mdomoni mwake, huyo anakuondoa njiani."

Tangu hapo nikaona kila asubuhi jinsi alivyofanya: anachota kwenye kikombe chake cha bati, anapuliza, anakunywa, anangoja kidogo, anatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo mikono inanyooka.

Kisha nikaunguza. Mtaunguza na nyinyi, basi jifunzeni hapa: uji ukishika chini, usiukoroge! Uhamishe polepole kwenye sufuria nyingine, kilichoungua kiache chini kilale. Mimi nilikoroga. Kwa hofu nilikoroga kama mtu anayefukuza nyoka, moshi ukaingia sufuria nzima. Mama Zaituni akawaita majirani wenye mbuzi, wakauchukua. Nikadhani atanifukuza. Akanisimamisha mbele ya benchi.

"Aliyeunguza ndiye anayesema."

Kila mteja aliyefika asubuhi ile nilimwambia kwa mdomo wangu: leo hakuna uji, nimeunguza mimi. Nilisema mara nyingi mpaka machozi yakaisha, na nadhani mara ya ishirini nilianza kucheka. Wateja nao wakacheka. Kesho yake walirudi wote.

Na mwezi wa Ramadhani ulipofika ndipo nilipofundishwa kweli. Mwezi ule tulipika mchana, uji wa kufuturu, na yeye amefunga, hawezi kuweka hata tone kwenye ulimi. Siku ya kwanza akaniita, akanipa kikombe chake cha bati. Kile kile. Nikakipokea kwa mikono miwili. "Onja wewe," akasema. Nikaonja, nikataka kusema sukari imepungua. Akainua mkono: nyamaza. Hakutaka maneno yangu. Alikuwa ananiangalia usoni. Akaongeza sukari, akanipa tena, akaangalia tena. Mpaka leo sijui uso wangu ulikuwa unafanya nini, ila mwezi mzima alipika kwa kuusoma, na wafungaji wakasema uji wa Mama Zaituni mwaka huu umezidi. Ulimi ulikuwa wangu, uji ulikuwa wake.

Sasa niwaambie kitu ambacho hamtakipata kwenye telefone. Saa kumi na moja alfajiri, Kamenge, mvuke wa uji unapanda polepole chini ya bati, na kila anayekuja anatokea katikati yake. Unaona viatu kwanza, halafu suruali, uso mwisho. Hakuna anayesema. Mtu wa saa ile hajawa mtu bado. Hajawa dereva, hajawa muuguzi, hajakumbuka amegombana na nani. Unampa kikombe, anakishika kwa mikono miwili, anafumba macho, na kwa muda mfupi sana anarudi kwa mama yake. Nimeona wanaume wenye ndevu wakirudi kwa mama zao mbele yangu, mmoja mmoja, kila siku, na mimi niko pale nimesimama na upawa, nikiwangoja warudi. Halafu anafumbua macho, anasema, "Mama Goreti, leo jua litachoma," na siku inaanza.

Siku hizi nikilala nawaota. Wamekaa kwenye benchi zangu, lakini chini ya benchi hakuna barabara, kuna ukungu tu, na vikombe vinatoa mvuke, na hakuna anayemaliza kunywa.

Wote hao walikuwa wakingoja jambo moja kwangu. Nichote, nipulize, ninywe, nitikise kichwa. Kabla kichwa hiki hakijatikisika hapakuwa na mkono uliothubutu kunyooka, hata wa mkubwa aliyeshuka Kiriri na gari lake na haraka zake. Jambo hilo nililipenda, sitawaficha. Goreti alikaa kushoto kwangu miaka ishirini akikaanga mandazi, mikono yake imejaa madoa ya mafuta, na sikumwachia kikombe hicho hata siku moja. Aliniomba mara moja tu.

"Mama, leo nionje mimi?"

"Siku nitakayozikwa."

Alicheka. Mimi sikucheka, na sikuona kwamba baada ya kucheka aligeuza uso.

Kisha ikaja homa. Ikanilaza wiki mbili, ikaondoka, na ilipoondoka ikaubeba ulimi wangu. Tangawizi mbichi niliitafuna kama kitambaa. Ndimu, kitambaa. Pilipili nilijua ni pilipili kwa sababu macho yalitoka maji. Divine, wakati ule ndiyo kwanza ameanza masomo yake, akaniambia, "Nyogokuru, kwa wengine inarudi, kwa wengine inachelewa." Baada ya siku chache akaniuliza kama imerudi. Nikasema imerudi.

Uongo. Ningesema nini? Anayeonja ndiye mwenye mahali. Nikitoka kwenye kile kikombe, mimi ni nani? Kizee cha kuosha vikombe, pale pale nilipoanzia.

Basi nikapika kwa kumbukumbu, na hapa mtaniruhusu nijisifu, maana hata wenye ndimi nzima hawawezi. Nilipika kwa masikio. Uji mbichi unasema papapapa, haraka haraka, kama wambeya; ukiiva unapunguza, unasema pwa, unanyamaza, pwa. Nilipika kwa mkono: upawa unapoanza kuwa mzito ndipo unatoa makaa mawili. Sukari niliipima kwa kikombe. Miezi mitano nilifanya hivyo na hakuna aliyejua, na mwisho wa kila sufuria, mbele ya macho yao, nilichota, nikapuliza, nikanywa, nikakunja uso kidogo kama mtu anayefikiri. Halafu nikaongeza vijiko vitatu vikubwa vya sukari kutoka kopo dogo, nikaonja tena, nikatikisa kichwa. Vile vijiko vitatu vilikuwa mchezo. Nafasi yao nilikuwa nimeiacha tangu nilipopima sukari kwa kikombe.

Makopo yangu yalikuwa mawili, ya maziwa ya unga, yanafanana kama mapacha: moja la sukari, moja la chumvi ya maharage. Alama hayakuwa nayo. Ya nini? Nilikuwa na ulimi. Ijumaa moja jioni Goreti akaisugua meza, akayarudisha moja mahali pa mwenzake.

Kesho yake ikawa Jumamosi, saa nne imepita, majembe yameegemezwa, benchi zimejaa. Akafika Deo, dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, mteja wangu tangu hajaota ndevu, na nyuma yake moto nyingine nne. Amebeba wageni kutoka Uvira, wamevuka mpaka jana yake kwa ajili ya harusi ya ndugu yao. Aliyewaongoza anaitwa Mama Furaha, anauza vitenge, na sauti yake inafika kabla yake.

"Mama, tusaidie! Tangu asubuhi tunatafuta chai, muji yote imefunga sawa muko na kilio! Mi nilijua Buja ni ya starehe!"

"Kaa, mama. Starehe inaanza sasa," nikamwambia, na Deo akapiga makofi.

Nikachota, nikapuliza, nikanywa. Nikafikiri kwa uso. Vijiko vitatu. Nikanywa tena. Nikatikisa kichwa.

Nikagawa. Na benchi zikanyamaza.

Nisikieni vizuri: nilidhani ni utamu. Nilisimama na upawa nikasema moyoni, tazama, uji umewafunga midomo. Deo alikunywa akiangalia viatu vyake. Muuguzi mmoja wa usiku alitazama ndani ya kikombe kama mtu anayesoma barua. Wote wakamaliza. Mama Furaha akanywa kidogo, akasimama hapo hapo na kikombe, akawaangalia wenyeji mmoja mmoja, jinsi wanavyokunywa bila neno. Akawageukia wenzake, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini:

"Munywe. Ni desturi yao."

Nilimsikia. Sikuelewa. Nikadhani ni habari ya kunyamaza.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, wakarudi wale wale, nguo za harusi zimekunjamana, macho mekundu ya kucheza. Makopo sasa yalikuwa yamerudi mahali pake. Goreti alitaka chumvi ya maharage, akalamba kidole, akayapanga sawa bila kusema kitu. Mimi nikafanya mambo yangu, nikaonja, vijiko vitatu, nikatikisa kichwa. Mama Furaha akapokea, akanywa, akakirudisha kikombe juu ya meza.

"Hii apana, mama."

Benchi zote zikaacha kutafuna. Haijawahi kutokea.

"Ina nini?"

"Hii ni ya watoto, sukari tupu. Tupatie ile ya jana. Ile ya chumvi-chumvi. Muzee wetu jana usiku kwenye harusi aliisema kuliko nyama!"

Na mzee wao, mzee mwembamba mwenye kofia, akaitikia: "Ile, mama. Ile ilikuwa na akili."

Niliwageukia watu wangu. Hakuna aliyeniangalia. Deo alikuwa anahesabu vidole vya miguu.

"Deo. Jana uji ulikuwa na chumvi?"

Akaanza kuipangusa kofia yake ya pikipiki.

"Deo!"

"Mama Goreti, ilikuwa nayo."

"Na ukanywa?"

"We ulishakunywa. Ulitikisa kichwa. Mi ni nani niseme apana?" Akajikuna shingo. "Mi nilisema labda uko unatupima."

Yule muuguzi akasema polepole, "Mi nilifikiri ni mudomo yangu. Sikulala usiku muzima."

Watu thelathini na kitu! Watu wazima, wenye watoto, wenye hasira zao, walikunywa chumvi mpaka tone la mwisho na kurudisha vikombe na kusema asante, kwa sababu kizee kimoja kilikuwa kimetikisa kichwa. Nilitaka kuingia ndani ya sufuria na kujifunika.

Na neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Sitawaficha na hilo. "Huo ni wa Jumamosi tu." Ningelisema, wangeniamini. Wangefurahi, hata. Ningerudi kwenye kikombe changu na kukaa nacho mpaka siku ya kuzikwa, kama nilivyoapa, na watu wangeendelea kunywa chochote nitakachowapa. Nilifungua mdomo. Ndipo nikasikia harufu, hapana, sikusikia harufu, harufu nayo ilikuwa imekwenda; niliona moshi. Mandazi yalikuwa yanaungua. Goreti alikuwa ameacha kukaanga na ananiangalia. Alikuwa ameelewa: homa, vijiko vitatu, ile sukari aliyoilamba mahali pa kopo la chumvi. Miaka ishirini binti yangu hakuunguza andazi hata moja, na siku ile karai zima liligeuka makaa kwa sababu alikuwa anangoja nitasema nini.

Aliyeunguza ndiye anayesema. Niliisikia ile sauti ndogo, na benchi zilikuwa zimenyamaza vya kutosha kuisikia.

"Nimeharibu mimi," nikasema. "Ulimi wangu ulikufa na homa. Sijui chumvi, sijui sukari. Miezi mitano nawaonjea uongo."

Nilingoja wasimame waondoke. Deo akakikagua kikombe chake, kitupu tayari.

"Basi miezi mitano uko unapika hivi hivi, gizani?" akauliza.

"Gizani."

"Yoo, Mama Goreti! Mi niko na ulimi na chai tu inanishinda!"

Wakacheka, kwanza yeye, halafu benchi yote, halafu mzee wa Uvira ambaye nadhani hakujua anacheka nini. Mama Furaha akapiga meza. "Kwa hiyo chumvi yetu ilikuwa ya makosa? Basi tufanyie tena makosa!" Mpaka leo akivuka mpaka lazima apite, na kikombe chake kinatiwa chumvi kwa vidole viwili. Wageni wengine wanamwona, wanaomba na wao. Mkipita msishangae.

Nilichukua kile kikombe cha bati, nikachota, nikampelekea Goreti. Alipangusa mikono kwenye kitenge, akapangusa tena, mafuta yalikuwa yameisha lakini anapangusa tu.

"Mama, hujazikwa," akasema.

"Onja kabla sijabadili mawazo."

Halafu nikatoka nyuma ya meza. Jambo hilo sikuwahi kulifanya watu wakiwepo. Nikazunguka, nikakaa kwenye benchi ya mbele, Deo akasogea huku, muuguzi akasogea kule. Nikainua macho, na mbele yangu, juu ya bati, juu ya waya za umeme, ilisimama milima ya Kongo. Yote. Jua la asubuhi limeipata usoni, ya bluu chini na ya dhahabu juu, na ukungu wa bonde umeikata miguu, inaelea. Miaka thelathini na kitu nilikuwa nimeipa mgongo. Miaka yote nilidhani wale watu, wakishika vikombe na kukodoa macho mbali hivi, wananiangalia mimi!

"Kumbe iko hapa," nikasema.

"Iko hapa kila siku, mama," akasema Deo.

Kwa hiyo mkija wikendi, hiyo ndiyo benchi. Mbele, katikati, kama sijaikalia. Mkifika mapema zaidi ya jua mtaona ukungu tu, na huo pia unatosha.

Goreti akainua kikombe. Akapuliza. Mimi niliacha milima, nikamwangalia yeye, usoni, kama nilivyoangaliwa Buyenzi nikiwa na umri mdogo kuliko wa Divine. Akanywa. Akangoja. Nyusi zikakaribiana kidogo, na mimi pale kwenye benchi, na ulimi wangu wa ubao, nikajua: imepungua. Akaongeza kijiko kimoja, kimoja tu, siyo vitatu. Akakoroga. Akanywa tena. Mashavu yakalegea, kona ya mdomo, ya kushoto, ikapanda, na mate yakanijaa mdomoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano.

Akatikisa kichwa. Nikanyoosha mkono, pamoja na wengine.